Vumbi la Njia ya Zambia: historia fupi ya filta ya hewa ya lori

Msomaji, kabla ya stori tufanye hesabu ndogo.

Lori limepakia Dar es Salaam, linakwenda Tunduma, kilomita 930 hivi. Tuseme lina mzigo kamili na lita moja ya dizeli inalisogeza kilomita mbili na ushee. Hiyo ni kama lita 400 za dizeli. Dereva anazijua hizo lita vizuri, tajiri wake anazijua zaidi. Kitu ambacho hakuna anayekipigia hesabu ni hewa. Kuunguza lita moja ya dizeli kunahitaji hewa lita 10,000 kwa uchache, na injini ya dizeli kwa kawaida huvuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo safari hiyo moja imekula hewa isiyopungua lita milioni 4, yaani mita za ujazo 4,000. Kontena la futi 20 linabeba mita za ujazo 33 hivi. Gawanya mwenyewe: ni makontena 120 ya hewa, na yote yamepita kwenye karatasi moja iliyokunjwa ndani ya kopo.

Karatasi hiyo ndiyo filta ya hewa. Leo nataka tuulize maswali mawili. Nani aligundua kwamba injini inahitaji barakoa? Na kwa nini mpaka leo kuna injini zinazokufa kwa vumbi huku filta ipo, tena imesafishwa juzi tu?

Swali la pili ni la nyumbani kwetu. Mjomba wangu alikuwa na lori moja, analiendesha mwenyewe, mbao kwenda Dar na saruji kurudi. Lilianza kwa kula oili, kidogo kidogo. Baadaye likatoa moshi wa buluu, likawa linapanda mlima kwa kulalamika. Fundi alipofungua injini, laina zilikuwa zimelika, ringi zimekuwa nyembamba kama wembe. Alimwambia neno moja tu: "Mzee, hili ni vumbi." Mjomba alikataa kabisa. Filta? Mbona kila Jumamosi alikuwa anaipeleka gereji ya jirani ipulizwe kwa kompresa? Nitarudi kwake. Kwanza twende nyuma kidogo.

Injini iliyotaka kula vumbi

Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake Ujerumani mwaka 1892, na injini iliyofanya kazi ipasavyo ilikamilika Augsburg mwaka 1897. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kati ya mafuta aliyoyafikiria mwanzoni lilikuwemo vumbi la makaa ya mawe. Wazo lilikuwa na mantiki, maana makaa yalikuwa rahisi na Ulaya ilikuwa nayo tele. Majaribio yalifanyika, yakaachwa. Wengine walilirudia wazo hilo baadaye, nao wakakutana na adui yule yule: makaa yakiungua yanaacha majivu, na majivu yanasaga silinda.

Kwa hiyo somo lilikuwepo tangu mwanzo: chembe ngumu ndani ya silinda ni msasa. Lakini injini za kwanza za dizeli zilikaa viwandani, zimefungwa kwenye sakafu ya zege, ndani ya nyumba. Hewa yao haikuwa na shida kubwa. Shida ilianza injini ilipotoka nje, ikaingia shambani na barabarani.

Iliyotangulia kutoka ni trekta. Hebu fikiria trekta linavyolima ardhi kavu: linatimua vumbi, halafu linalivuta vumbi lile lile puani. Mwaka 1915 Mmarekani mmoja, Frank Donaldson, alikuwa anauza matrekta. Kisa kinachosimuliwa na kampuni aliyokuja kuianzisha ni kwamba mteja wake mmoja huko Utah alilalamika kuwa injini ya trekta lake inaharibika mara kwa mara. Donaldson alipoangalia akaona ni vumbi. Akatengeneza kizimba cha waya, akakivisha kitambaa, akakifunga kwenye mdomo wa hewa. Ni kazi ambayo fundi yeyote wa Tandale angeifanya kwa mchana mmoja. Kampuni yake ya filta ipo mpaka leo.

Kitambaa kilisaidia, ila kilikuwa na kasoro ambayo itatufuata hadi mwisho wa makala hii. Kikiwa chepesi, vumbi linapita. Kikiwa kizito, au kikishajaa, injini inakosa pumzi. Historia yote ya filta ni kuvutana kwa mambo hayo mawili.

Bakuli la oili

Malori ya kwanza ya dizeli yalionekana Ujerumani mwaka 1923 na 1924, kutoka Benz na MAN. Katika miongo iliyofuata filta iliyotawala kwenye matrekta na malori ilikuwa ya bakuli la oili. Kama una babu aliyewahi kuwa utingo, muulize, ataikumbuka.

Ilifanya kazi hivi. Hewa inashushwa kwa kasi kuelekea kwenye bakuli lenye oili, halafu inalazimishwa kugeuka ghafla na kupanda juu. Hewa ni nyepesi, inageuka. Chembe ya vumbi ni nzito, inashindwa kona na kutumbukia kwenye oili. Ni kama lori lililoshuka Kitonga kwa kasi kupita kiasi: barabara inakata, lori linaendelea mbele. Chembe chache zinazoponyoka zinanaswa na wavu wa nyuzi za chuma uliolowa oili.

Uzuri wake ni kwamba hakukuwa na kitu cha kununua. Ukimwaga oili chafu, ukaosha bakuli na kujaza oili mpya, safari inaendelea. Ubaya wake umo kwenye hiyo hiyo kona. Ili chembe ishindwe kugeuka, hewa lazima iende kasi. Injini ikiwa inaunguruma polepole kwenye foleni, hewa inatembea taratibu na chembe ndogo zinageuka nayo bila tabu. Na oili ikizidi kwenye bakuli, injini inaweza kuivuta na kuiunguza kama mafuta.

Majangwa ya vita

Vita vya Pili vya Dunia viliipeleka injini mahali ambapo uzembe wa filta haukusamehewa. Ndege za Spitfire zilizopelekwa Afrika Kaskazini zilifungiwa filta kubwa ya Vokes chini ya pua. Injini ikapona vumbi, ndege ikapungua mwendo. Mafundi wa karakana ya Aboukir, Misri, wakabuni filta ndogo iliyopunguza hasara hiyo. Ni mvutano ule ule wa kitambaa cha Utah, ila safari hii rubani ndiye aliyekuwa analipia.

Mwaka 1942 Wasovieti walipeleka kifaru cha T-34 Marekani, kikajaribiwa katika uwanja wa Aberdeen, Maryland. Kifaru hicho kilikuwa na sifa kubwa, na injini yake ilikuwa ya dizeli. Baada ya kilomita 343 injini ilikufa: uchafu uliingia kupitia filta duni ya hewa na kuharibu pistoni na silinda. Kilomita 343! Hiyo hata Iringa hujafika ukitoka Dar. Chuma kizito cha kuzuia risasi, na kilichokiua ni vumbi.

Njia ya Jehanamu

Sasa turudi kwetu. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilitangaza uhuru wa Rhodesia kwa upande mmoja. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa inapata mafuta yake kupitia huko huko Rhodesia. Vikwazo vilipoanza mwezi Desemba, mafuta ya Zambia yakakatika. Ndege zilibeba mapipa ya mafuta kwenda Zambia, lakini ndege haiwezi kulisha migodi ya shaba peke yake. Ikabaki barabara: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu Mpika hadi Kapiri Mposhi.

Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta yakarudi na shaba, yakafuatana mchana na usiku. Kwa Kiingereza iliitwa Hell Run, mbio za jehanamu. Ilibaki hivyo mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, lami ilipokamilika miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976.

Tukizungumzia njia ile huwa tunakumbuka ajali, na ni haki yake. Lakini hebu tuiangalie kwa jicho la fizikia. Lori la mbele linatimua vumbi. Chembe kubwa, yenye upana wa mikroni 100, yaani unene wa unywele mnene, inashuka kwa karibu nusu mita kwa sekunde. Kutoka kimo cha mita 2 inafika chini kabla hujamaliza kupiga chafya. Chembe ya mikroni 10 inashuka milimita 8 tu kwa sekunde, kwa hiyo inahitaji dakika 4. Ile ya mikroni 5 inahitaji kama robo saa nzima, hapo hakuna upepo wala lori jingine la kuitimua tena.

Umeona kilichotokea? Vumbi lile zito linaloingia mdomoni na kukwaruza meno linatua haraka. Linalobaki hewani likisubiri lori la nyuma ni lile laini usilolihisi. Na balaa liko hapo. Kati ya ringi na laina kuna utando wa oili wenye unene wa mikroni chache tu. Chembe ya mikroni 5 hadi 20 ndiyo inayojibana hapo, ikapigwa huku na huku na pistoni, ikikwangua pande zote mbili. Vumbi letu lina kwatsi nyingi, madini yale yale ya mchanga na kioo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ina 7, na chuma cha kalibu kinachotengenezea laina kiko chini yake. Kwa hiyo chuma ndicho kinacholika.

Ndiyo maana malori mengi ya leo yana bomba la hewa lililopandishwa juu, nyuma ya kabini. Halikuwekwa kwa urembo. Kadiri unavyopanda ndivyo vumbi linavyopungua.

Karatasi yenye marinda

Baada ya vita, na hasa kuanzia miaka ya 1950 na 1960, filta ya karatasi iliyokunjwa ilianza kuliondoa bakuli la oili. Wazo lake ni la kishonaji: kunja karatasi kama marinda ya sketi, na mita za mraba nyingi zitaingia kwenye kopo dogo. Eneo likiwa kubwa, hewa inapita taratibu, kwa hiyo unaweza kutumia karatasi yenye matundu madogo bila kuikaba injini. Ugomvi wa Utah ukapata suluhu, angalau nusu.

Tofauti yake haionekani mpaka uipigie hesabu. Tuseme kilo moja ya vumbi imefika kwenye filta. Filta inayozuia asilimia 98 imeruhusu gramu 20 kuingia kwenye injini. Inayozuia asilimia 99.9 imeruhusu gramu 1. Kwenye tangazo namba hizo zinafanana. Kwa laina, moja imekula vumbi mara 20 ya nyingine.

Filta hizi hupimwaje? Kwa vumbi maalumu lenye asili ya jangwa la Arizona, lililochekechwa kwa ukubwa unaojulikana na kuwekewa kiwango cha kimataifa, ISO 12103-1. Vumbi nalo lina cheti, msomaji.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo kiini cha makala. Watu wengi tunadhani filta ni kama chujio la chai: kilicho kikubwa kuliko tundu kinabaki. Sivyo hasa. Nafasi kati ya nyuzi za karatasi mara nyingi ni kubwa kuliko chembe zinazonaswa. Chembe nzito zinashindwa kona na kugonga uzi. Za kati zinapita karibu mno, zinagusa, zinaganda. Ndogo kabisa zinayumbayumba kwa kugongwa na molekuli za hewa hadi zinaangukia uzi. Na chembe zilizokwisha kuganda zinageuka sehemu ya mtego. Vumbi linanasa vumbi.

Kwa hiyo filta iliyotumika kiasi inachuja vizuri kuliko ile iliyotoka kwenye boksi leo! Filta mpya ni dhaifu kidogo siku zake za kwanza, na inaimarika kadiri inavyochafuka. Inachopoteza ni pumzi.

Kila Jumamosi

Turudi kwa mjomba. Fundi alichukua ile filta, akaingiza tochi ndani yake gizani. Tukaona nyota. Vitundu vidogo, vya kuhesabika, kwenye mikunjo. Upepo wa kompresa ulikuwa umepasua nyuzi, na kila Jumamosi uliondoa lile tabaka la vumbi lililokuwa linamsaidia. Juu ya hapo, kila kopo lilipofunguliwa, vumbi la gereji lilipata mlango.

"Nilikuwa naitunza, anko," aliniambia. "Wenzangu walikuwa hawaigusi kabisa."

Kumbe wenzake walikuwa na nafuu. Ovaholi ile ililipwa kwa miti. Alikuwa na shamba la miti aliyokuwa anaisubiri ikomae kwa ajili ya ada ya binti yake, ikauzwa ikiwa bado michanga. Simsimulii ili tumcheke. Alifanya kile ambacho sote tungefanya: kitu kichafu kinasafishwa. Ila filta ni kifaa ambacho kazi yake ni kuchafuka.

Basi, kama una lori, au una ndugu mwenye lori, haya ndiyo yaliyobaki baada ya miaka mia moja na ushee ya makosa ya watu.

Kwanza, kuchagua. Usinunue filta kwa kuilinganisha kwa macho dukani. Tafuta namba ya filta kwa aina ya injini na kopo lake, kwenye kitabu cha gari au kwenye filta ya zamani iliyo halali. Filta inayoingia si lazima iwe filta inayoziba. Ikipungua milimita chache kwenye urefu au kipenyo cha mpira, hewa inapita pembeni, na hewa inayopita pembeni haijachujwa hata kidogo. Kagua mikunjo: iwe sawasawa, isiyolala, na gundi yake iwe kamili. Bei ya chini kupita kiasi ina sababu.

Pili, wakati wa kubadilisha. Usiamue kwa rangi ya karatasi, kwa sababu filta iliyochafuka machoni inaweza kuwa na uhai mrefu bado. Malori mengi yana kionyeshi cha kubana, kidude kidogo karibu na kopo kinachogeuka chekundu, au taa kwenye dashibodi. Kwa injini nyingi za dizeli zenye turbo kikomo ni karibu kilopaskali 6. Ukitaka kuihisi, ni nguvu ya kuvuta maji kwa mrija hadi sentimita 60 juu. Kikigeuka chekundu, badilisha. Kabla ya hapo, liache kopo limefungwa.

Tatu, kubadilisha kwenyewe. Zima injini. Futa nje ya kopo kabla ya kulifungua. Itoe filta taratibu, usiigonge kwenye tairi. Futa ndani kwa kitambaa chenye unyevu, hasa pale mpira unapokaa. Kabla ya kuendelea, pitisha kidole upande wa hewa safi, kwenye paipu inayokwenda kwenye turbo. Ukikuta vumbi hapo, kuna mahali panavuja: tafuta klipu iliyolegea au paipu iliyopasuka, maana filta mpya haitaponya tundu. Kama kuna filta ndogo ya ndani, hiyo ni mlinzi wa akiba. Iache mahali pake wakati unafuta kopo. Haipulizwi wala haioshwi, inabadilishwa tu kwa ratiba ya mtengenezaji. Filta mpya isukume kwa kubonyeza ukingo, si katikati. Usipake grisi kwenye mpira, maana grisi inakusanya vumbi pale pale usipolitaka. Funga, bonyeza kionyeshi kirudi mwanzo, andika tarehe na kilomita.

Mjomba bado anaendesha. Siku hizi ana daftari dogo kwenye dashibodi na tochi ndogo mfukoni. Mwaka jana nilisafiri naye hadi Makambako. Tulipofika kituoni kijana mmoja akaja mbio na bomba la kompresa mkononi: "Mzee, nikupulizie filta? Buku mbili tu." Mjomba akatazama kile kidude cha kuonyesha, kilikuwa bado hakijageuka. Akampa kijana buku mbili, akamwambia apulize vumbi la kwenye mazulia ya kabini.